Uhuru wa Kununuliwa, Uhuru wa Kukimbilia

Mwaka 1870 kilitoka Ufaransa kitabu kidogo kilichotayarishwa na Monsinyori Gaume, kuhusu msichana wa Kiyao aitwaye Swema. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ambamo mtu aliyepitia utumwa wa pwani yetu anasimulia kwa kusema "mimi". Waamini wengi wa Bagamoyo hawajakisikia, ingawa kinatoka katika misheni ile ile iliyotuzaa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar tangu 1863, na ni padre wao, Antoine Horner, aliyeyaandika masimulizi ya Swema kabla ya kuvuka bahari mwaka 1868 kuja kufungua misheni hapa kwetu. Nataka kukisoma kitabu hicho kwa jicho kali kidogo. Baada yake nitaisoma kwa jicho hilo hilo habari tunayowasimulia mahujaji wanapokuja, tangu msalaba wa ufukweni hadi makaburini, kwa sababu naona kitabu na habari yetu vina ugonjwa mmoja.

Habari yenyewe ni hii. Swema alizaliwa bara, mashariki ya Ziwa Nyasa. Baba yake aliuawa na simba, kisha wakaja nzige na njaa. Mama yake, mjane sasa, akakopa nafaka, na siku ya kulipa ilipofika hakuwa na kitu. Aliyemdai akamchukua mtoto na kumuuza kwa msafara uliokuwa ukishuka pwani. Mama hakukubali kubaki nyuma. Aliomba abebe pembe za ndovu katika msafara ule ule ili asitengane na binti yake, akabeba mpaka nguvu zikamwishia, akaachwa njiani afe. Swema akafikishwa Kilwa, akapakiwa chomboni hadi Zanzibar, akiwa hoi kiasi kwamba mwenye mali aliona hafai hata kuuzwa. Akaviringishwa katika mkeka na kufukiwa akiwa hai kwenye shimo la kina kifupi. Kijana mmoja mwenyeji wa kisiwa cha Réunion alisikia sauti, akamfukua, akampeleka misheni kwa masista. Akapona, akataka ubatizo. Siku moja akaletwa hospitalini majeruhi Mwarabu, na Swema akamtambua kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara ule. Akashindana na moyo wake, kisha akamhudumia.

Anayeisoma hasahau lile kaburi, wala hasahau tukio la mwisho. Mimi pia nimeguswa. Lakini swali la kwanza la mhakiki ni dogo sana: nani anasema hapa? Swema alikuwa mtoto wa Kiyao. Alisimulia kwa lugha ya kwao, au kwa Kiswahili alichokuwa akijifunza Unguja. Horner akaandika kwa Kifaransa, na Gaume akatengeneza kitabu kwa ajili ya familia za Kikatoliki za Ufaransa. Kati ya mdomo wa yule msichana na jicho la msomaji wamesimama wanaume wawili wenye nia njema, na nia njema ina mkono wake katika kuandika. Ilijua wasomaji wanataka nini, na ilijua pia fedha zitatoka wapi. Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ndilo lililochangia kwa sehemu kubwa fedha za kununulia watoto sokoni Zanzibar na kuwalea. Watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wanaoimba Jumapili na skafu zao shingoni ni warithi wa shirika hilo hilo. Wanastahili kuijua historia yake yote.

Sisemi kwamba Swema hakusamehe. Nasema kwamba msamaha wake umewekwa mahali ambapo msomaji wa Paris angependa kuukuta, na kwa kuwekwa hapo umefunika jambo lingine. Angalia ni nani aliyemuuza mara ya kwanza. Alikuwa mtu wa kijijini kwao, aliyekopesha nafaka, akaja kudai haki yake kwa mujibu wa desturi. Kabla ya Mwarabu yeyote kutokea, mtoto alikwisha kuhesabiwa kuwa malipo ya deni. Mwanahistoria Edward Alpers, aliyeichapisha upya habari hii mwaka 1983 katika kitabu kuhusu wanawake na utumwa, alilitazama hilo hasa: mjane asiye na ndugu wa kumsimamia, katika nchi iliyovurugwa na njaa na vita, hana ulinzi wowote, na binti yake ana ulinzi mdogo kuliko yeye. Hapo ndipo haki za binadamu zinapovunjika kwa kawaida. Zinavunjika taratibu, mbele ya wazee wanaotikisa kichwa, kabla bunduki hazijafika.

Sisi tunaposimulia utumwa wa pwani, deni linatoweka. Anabaki Mwarabu, anabaki mmisionari, na katikati yao mtoto asiye na jina. Katika mji kama huu, ambamo Wakristo na Waislamu wanakaa mtaa mmoja na kuzikana, simulizi ya namna hiyo haina hata udhuru wa kuwa kamili. Wengi walioupatia utumwa watu walikuwa weusi kama waliouzwa. Wengi waliouzwa waliishia kuwa Waislamu na kuzaa watu wa mji huu. Hata neno "Bagamoyo" tunalipinda. Mahujaji huambiwa kwamba watumwa waliibwaga mioyo yao hapa kwa kukata tamaa. Wanahistoria wa mji huu, na wa mwisho wao ninayemfahamu ni Steven Fabian katika kitabu chake cha 2019, wanaonyesha mji wa wapagazi, hasa Wanyamwezi, watu huru waliobeba pembe kwa ujira na kufika pwani wakitua mizigo. Watumwa walipita hapa, hilo halina ubishi, ila bandari kubwa ya kuwasafirisha ilikuwa Kilwa, huko huko alikopitishwa Swema. Tumechagua tafsiri yenye machozi kwa sababu inatufaa.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika kitabu cha Gaume ni yule mama. Hakuna aliyemnunua wala aliyemwokoa. Alichagua njia kwa miguu yake, akabeba pembe ambazo hakuna aliyemlazimisha kubeba, kwa sababu mwanawe alikuwa mbele kwenye mnyororo. Wahubiri wetu wangemtumia zaidi kuliko lile kaburi.

Sasa twende kwenye Kijiji cha Uhuru. Ndivyo tunavyokiita, na ndivyo vibao vinavyokiita. Watoto walionunuliwa Zanzibar, na baadaye wengine waliokamatwa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa, waliletwa hapa wakalelewa, wakafundishwa kusoma, useremala, ufundi chuma na kilimo. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao na kupewa nyumba kijijini. Yote hayo ni kweli na mengi yalikuwa mema. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilipowaua, mapadre na masista walikufa pamoja nao. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipobomoa majengo, walianza upya pamoja nao.

Ila walikuwa huru? Padre Paul Kollman, Mmarekani aliyechimba kumbukumbu za shirika na kutoa kitabu mwaka 2005, anauliza swali hilo bila chuki. Misheni iliendeshwa kwa kengele. Kazi ya shamba la minazi ilikuwa wajibu, ndoa zilipangwa chini ya macho ya mapadre, na kutoka moja kwa moja kwenda kuishi mjini lilikuwa kosa. Walikuwapo waliotoroka. Wamisionari waliandika juu yao kwa uchungu, kama baba anayeandika juu ya mwana asiye na shukrani. Nimelifikiria sana neno hilo "kutoroka". Mtu huru hatoroki. Mtu huru huondoka. Neno tu linatuambia kwamba katika akili ya aliyeandika, fedha iliyolipwa sokoni ilikuwa bado inadai kitu.

Katika mfano wa Msamaria Mwema, katika Luka sura ya 10, Msamaria alilipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa na ziada, akaondoka. Hatusikii kwamba yule majeruhi alipopona alimfanyia kazi, wala kwamba alibadili dini yake. Fedha ilinunua huduma. Mtu hakununuliwa. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mstari wa 15 na wa 16, iko amri ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa Bagamoyo, mahali pa kwanza duniani pangepaswa kuihubiri: mtumwa aliyemkimbia bwana wake asirudishwe, na akae mahali atakapopachagua mwenyewe. Atakapopachagua. Sheria ya Musa, ambayo tunapenda kuiona kuwa ngumu, ilimwachia mkimbizi uchaguzi ambao kijiji chetu hakikumwachia.

Najua jibu litakalotolewa, na lina uzito. Mtoto wa miaka minane aliyenunuliwa sokoni angekwenda wapi? Nje ya ukuta wa misheni walikuwapo watu waliokuwa tayari kumkamata na kumuuza tena. Kumwachia mlango wazi kungekuwa kumtupa. Nakubali kabisa kwa mtoto wa miaka minane. Kwa mwanamume wa miaka ishirini na tano mwenye mke na ufundi mkononi, sikubali. Tena, mwaka 1877 misheni iliwahitaji watu wa kufungua kituo cha Mhonda, safari ndefu kuelekea bara, na waliotumwa pamoja na mapadre ni familia hizo hizo za Bagamoyo. Baadaye ikawa Mandera, ikawa Morogoro. Walikuwa wakomavu vya kutosha kwenda kuanzisha Kanisa porini, ila si vya kutosha kuhamia mtaa wa pili kwa hiari yao.

Kosa hili la kusema kwa ajili ya wanaoteseka bila kuwauliza lilizaa jambo kubwa zaidi, na hapa lazima nitoke ndani ya ukuta wa misheni, kwa sababu mwaka 1888 vita ilikuja hadi mlangoni.

Mwaka huo Papa Leo wa XIII aliandika barua dhidi ya utumwa, na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika ambao msafara wao wa kwanza uliondoka papa hapa mwaka 1878, akazunguka Paris, London na Brussels akihutubia makanisa na kumbi zilizojaa. Alisema kweli juu ya vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo. Akaomba pia wajitolee watu wenye silaha. Wakati huo huo, Agosti 1888, Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilichukua utawala wa miji ya pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na kwa miezi michache tu iliudhi kila mtu: wenye majahazi, wenye mashamba, wapagazi, masheikh. Pangani inakumbuka jinsi ofisa wa kampuni, Emil von Zelewski, alivyoingia msikitini na mbwa. Pwani ikawaka. Abushiri bin Salim akawa kiongozi wake mkuu, na Bwana Heri akasimama Saadani. Septemba 1888 wanamaji wa manowari ya Kijerumani Leipzig walishuka Bagamoyo na watu wengi wa mji wakauawa.

Kansela Bismarck alihitaji fedha za vita na hakuwa na hakika kwamba Bunge lingempa. Wakatoliki wa Ujerumani, walioguswa na hotuba za Lavigerie, ndio waliomfungulia njia. Mwanzoni mwa 1889 Bunge likapitisha sheria ikitoa marki milioni 2. Jina la sheria hiyo lilitaja mambo mawili: kupambana na biashara ya utumwa, na kulinda maslahi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki. Kwa fedha hiyo Hermann Wissmann aliajiri askari kutoka Misri na Msumbiji, akaivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889, na tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa Pangani.

Abushiri hakuwa mtakatifu. Alikuwa na mashamba ya miwa na watumwa wa kuyalima. Lakini angalia waliokuja kwa jina la uhuru walifanya nini walipokwisha kushinda. Waliweka mahali pa kunyongea watu, ambapo panaonyeshwa hadi leo hatua chache kutoka baharini. Na utumwa wenyewe hawakuufuta. Utawala wa Kijerumani uliwaruhusu watumwa kujinunua, uliamua kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru, na ukaondoka nchini watumwa wangali watumwa. Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Miaka 33 baada ya marki milioni 2! Katika hotuba zote za Lavigerie sijui palipo na mtumwa mmoja wa Pangani aliyeulizwa kama anataka kuokolewa na mizinga.

Kwa hiyo kila ninaposikia taifa kubwa likisema linaingia nchi iliyovurugika ili kutetea haki za binadamu, huwa nauliza sehemu ya pili ya jina la sheria inasema nini. Kongo wanalijua swali hili vizuri kuliko sisi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji naye aliipigia makofi kampeni ya kupinga utumwa, wakati Kongo yake inakatwa mikono.

Hata hivyo katika vita ile ile, ndani ya ukuta ule ule niliokuwa nikiulaumu, lilitokea jambo jema kuliko yote yaliyopata kutokea Bagamoyo, na ndilo tunalolisimulia kidogo zaidi.

Mji ulipopigwa na kuchomwa, watu walikimbilia misheni. Maelfu yao. Wakajenga vibanda chini ya minazi, wengi wao Waislamu, waungwana na watumwa pamoja, na mapadre chini ya Padre Étienne Baur wakawapokea. Abushiri aliiheshimu misheni na hakuigusa. Baur akawa mtu ambaye pande zote mbili ziliweza kumtumia mjumbe. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Wabenedikto ya Pugu ilishambuliwa, watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka, na ni kwa mikono ya mapadre wa Bagamoyo kwamba mateka wale walikombolewa kwa fedha. Tulia hapo kidogo, msomaji. Safari hii waliokombolewa kwa fedha walikuwa Wazungu. Hakuna aliyewapangia kazi shambani wala kuwaozesha. Hakuna aliyesema "wametoroka" walipopanda meli kwenda kwao. Kumbe ilijulikana tangu zamani kwamba kumkomboa mtu hakumfanyi kuwa wako.

Na wale wa vibandani? Walikuja kwa miguu yao, na mji ulipotulia wakarudi mjini kwa miguu yao. Hakuna orodha ya waliobatizwa inayotajwa kuwa matunda ya miezi ile. Huenda ndiyo sababu tunalipita haraka: katika vitabu vya hesabu ya misheni halina faida. Tusiwageuze mapadre hao kuwa malaika. Wengi wao waliuona utawala wa Ulaya kuwa baraka, na baada ya vita walielewana vizuri na Wajerumani. Lakini kwa miezi ile, katikati ya pande mbili zilizokuwa zikiua, waliacha lango wazi kwa kuingia na kwa kutoka, na kwa macho yangu huo ndio utetezi wa haki za binadamu ambao Kanisa linaweza kujivunia bila kukohoa.

Barabara ya misafara iliyoanzia hapa iliishia Ujiji, pembeni mwa Ziwa Tanganyika. Tangu 2006 serikali yetu imeiweka katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza UNESCO kuwa urithi wa dunia. Nashauri tuitazame ncha yake ya pili kama ilivyo leo, mkoani Kigoma, kwa sababu huko watu wanaendelea kukimbilia.

Nchi yetu ina rekodi inayostahili sifa. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa miaka 35, na mwaka 2007 wakaulizwa, mtu kwa mtu, kama wanataka kurudi kwao au kuomba uraia. Karibu wanne kati ya watano walisema wanataka kubaki, na watu wapatao 162,000 wakapewa uraia. Walifika, wakakaa, wakaulizwa. Sijui nchi nyingi tajiri zilizofanya hivyo kwa watu wengi namna hiyo.

Kisha ukaja mwaka 2015. Rais Nkurunziza alipotangaza kugombea muhula wa tatu, Burundi ikaingia katika risasi, jaribio la mapinduzi na watu kupotea usiku. Mwezi Mei makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma. Meli hiyo Wajerumani waliijenga kwa ajili ya utawala wao, ikatumika vitani, ikazamishwa, ikaopolewa. Nadhani haijapata kufanya kazi bora kuliko ile ya Mei 2015.

Warundi zaidi ya laki 2 waliishia Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, wakiungana na Wakongo waliokuwapo Nyarugusu tangu 1996. Na hapo swali la Kijiji cha Uhuru likarudi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 haimruhusu mkimbizi kutoka kambini bila kibali. Masoko ya kambini yalifungwa. Tangu 2017 serikali mbili na shirika la UNHCR zimekuwa zikiwarejesha Warundi kwa utaratibu unaoitwa wa hiari, na mashirika ya haki za binadamu yamesema mara kwa mara kwamba hiari hiyo imekuwa ikisukumwa. Mwaka 2020 Human Rights Watch lilieleza visa vya wakimbizi Warundi waliokamatwa, kuteswa na wengine kutojulikana walipo. Watetezi wa serikali husema, na ni kweli, kwamba nchi maskini imebeba mzigo ambao wahisani waliahidi kuusaidia na hawakuusaidia. Chakula kimepunguzwa mara nyingi kwa sababu fedha hazikuja. Lakini mtu asiyeruhusiwa kulima, kuuza wala kutoka, kisha chakula chake kikapunguzwa, akiulizwa kama anapenda kurudi kwao, swali hilo linafanana zaidi na la mdai wa nafaka kwa mama yake Swema kuliko lile la 2007.

Katika parokia zetu tunawaombea. Nimeyasikiliza maombi ya waamini kwa miaka mingi, na lugha yake ni ile ya Gaume: wanaoteseka, wanyonge, wasio na sauti. Wasio na sauti! Nyarugusu ina kwaya zenye sauti kuliko zetu, makatekista, walimu, wakunga, watu waliokuwa mawakili Bujumbura. Sauti wanazo. Kinachokosekana ni sikio na kibali cha kutoka. Tunakusanya nguo wakati wa Kwaresima, jambo jema, ila sijawahi kuona jumuiya ndogo ndogo ya huku pwani ikiandika barua kwa mbunge wake kuuliza kwa nini masoko yale yalifungwa. Papa Yohane wa XXIII, katika waraka wake juu ya amani wa mwaka 1963, alihesabu kutembea na kuchagua makazi miongoni mwa haki za mtu, na kwa sababu za haki kuhamia hata nchi nyingine. Hakuviita fadhila za mwenye nyumba.

Mwaka 2018, katika Jubilei ya miaka 150 ya Uinjilishaji, umati ulioje ulikuja hapa. Tuliwapeleka msalabani, tukawapeleka kwenye mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone usiku mmoja wa Februari 1874, tukawapeleka makaburini kwa wamisionari waliokufa vijana. Hatukuwapeleka minazini. Pale palipokuwa na vibanda vya watu wa mjini waliokimbia mizinga hapana kibao wala msalaba, na pengine msalaba usingekuwa alama sahihi kwa wengi waliolala pale. Nimependekeza kwa kamati ya hija ya parokia kituo kimoja kiongezwe kwenye njia, baada ya makaburi. Pasomwe mistari ile miwili ya Kumbukumbu la Torati. Aalikwe sheikh wa mtaa aeleze wazee wake walikaa upande gani wa shamba, kama habari hiyo imebaki katika familia. Na kama yupo Mrundi au Mkongo miongoni mwa mahujaji, wapo kila mwaka, aulizwe kama angependa kusema neno, na akisema hapana, tuendelee na njia.